Nasoma Kikorea kwa Sauti, Lakini Sielewi Ninachosoma

Kwako Mwalimu,

Salaam aleikum. Mimi ni msichana wa miaka 26, mkaazi wa Majengo hapa Mombasa, na nauza leso katika duka moja la Mtaa wa Biashara. Nakuandikia kwa sababu jambo hili nikilieleza nyumbani hugeuka kicheko, na mimi halinichekeshi.

Miaka miwili iliyopita nilijifunza herufi za Kikorea kwa siku tatu, kwa simu, bila mwalimu. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Vile viduara na vijiti nilivyokuwa nikiviona tu kwenye tamthilia vilianza kutoa sauti. Nikawa nasoma kila kilichonipitia: pakiti za tambi, chupa za sabuni, majina ya waigizaji. Baada ya miezi minne Kikorea chenyewe kilianza kuwa kizito, nikahamia Kijapani. Herufi zao za hiragana na katakana nikazimaliza kwa wiki tano. Kisha kakangu akaniambia lugha hizo hazina kazi hapa, bora nisome Kichina kwa ajili ya reli na bandari. Nikaanza na Kichina nacho. Leo nina madaftari saba yaliyojaa, kila usiku baada ya Isha nakaa nusu saa, na nalipia programu ya simu, inayonipa maneno 50 kwa siku, shilingi 600 kila mwezi.

Mwezi uliopita waliingia dukani mume na mke kutoka Korea. Mama yule alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye maandishi, nami nikayasoma kwa sauti, nikijisomea tu. Akageuka, uso umemchangamka, akaanza kuzungumza nami. Alisema mengi. Mimi nilishika "annyeonghaseyo", salamu yao, peke yake. Akarudia polepole, nikazidi kupotea. Mwishowe mumewe akauliza bei kwa Kiingereza, na mimi nikabaki nakunja leso iliyokuwa imeshakunjwa. Tajiri wangu na mamake, ambao huzungumza Kigujarati siku kutwa hapo dukani, walikuwa wakitazama. Niliona haya ambazo hazijanitoka mpaka leo.

Mamangu husema mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Kakangu huniita profesa wa herufi. Anayenitia moyo ni nyanya tu, na yeye masikini hajui kusoma. Ana zile herufi zake za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani, anazoandikia daftari la chama chake, basi.

Niache? Nisipoacha, nishike ipi? Na je, mtu aweza kweli kujifunza lugha peke yake bila kukaa darasani?

Mwenye madaftari saba,
Majengo

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Usiache. Hilo nalisema mwanzo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Sasa turudi dukani. Kusoma kwa sauti maneno usiyoyaelewa si jambo geni kwako wala kwangu. Ulipokuwa na miaka saba ulikaa mkekani chuoni ukasoma juzuu ya Amma kwa matamshi safi, na huenda ungepewa gazeti la Kiarabu usingejua linazungumzia mvua au vita. Hakuna aliyekucheka. Mji wetu mzima umelelewa hivyo, na tunaiheshimu elimu hiyo kwa sababu ni elimu: jicho limefundishwa herufi, ulimi umefundishwa mahali pa kila sauti. Ulichokifanya kwa Kikorea ni hicho hicho.

Nenda upande wa pili, Bamburi na Diani, uwatazame vijana wa ufuoni. Nimewafundisha baadhi yao Kiswahili darasani, na imla ilikuwa ikiwatoa jasho. Leo wanapatana bei na wageni kwa Kijerumani na Kiitaliano, wanatania, wanaomba radhi, wanasimulia habari za baharini. Ukimpa mmoja wao kalamu aandike sentensi aliyoisema sasa hivi, atakurudishia. Hakufungua kitabu. Alisikia sentensi aliyoihitaji siku ile, akaisema vibaya, akachekwa, akairudia kesho yake.

Wewe una nusu moja na wao wana nusu nyingine. Hapo hakuna kosa la akili, mwanangu. Ni sehemu ambayo hujaianza.

Tena uliianza safari kwa mlango mwepesi kuliko yote, ndiyo sababu ukadhani nyumba nzima iko hivyo. Herufi za Kikorea hazikukua zenyewe kwa karne nyingi kama za wengine. Mfalme Sejong alizitengeneza, zikakamilika mwaka 1443 na kutangazwa 1446, kwa sababu aliona watu wake wa kawaida hawawezi kujieleza kwa maandishi ya Kichina. Zilikuwa 28, leo zinatumika 24. Ile ya k imechorwa kama ulimi unavyoinuka nyuma kuziba koo. Ile ya m ni mraba, yaani mdomo. Wanazuoni wa mfalme waliandika kwamba mwerevu atazimudu kabla asubuhi haijaisha, na mzito siku kumi zitamtosha. Kwa hiyo siku zako tatu ni sawasawa kabisa.

Lakini fikiria Sejong alikuwa akimfundisha nani. Mkulima wa Korea alikuwa na lugha tele kinywani, alichokosa ni herufi tu. Alipozipata asubuhi, jioni alikuwa anasoma na kuelewa. Wewe umepokea herufi zile zile bila ile lugha iliyokuwa ikizisubiri. Mlango umefunguka, ndani hujaweka kitu.

Hebu tupige na hesabu, maana naona unajidhulumu. Marekani ina taasisi chini ya wizara yake ya mambo ya nje inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha. Kwa watu hao waliokulia Kiingereza, hukadiria takriban saa 900 za darasani kwa Kiswahili, na saa 2,200 kwa Kikorea, Kijapani au Kichina. Hao wana walimu na hiyo ndiyo kazi wanayolipwa kuifanya. Nusu saa yako kila usiku kwa miaka miwili ni kama saa 365, nawe umezigawa kwa lugha tatu, na nyingi umezitumia kuchora. Ungewezaje kumjibu mama yule? Ningeshangaa kama ungeweza.

Lugha ni Kikorea. Kijapani na Kichina vifunge kwa mwaka mzima, madaftari yake uyatie juu ya kabati. Naijua sababu iliyokutoa kwenye Kikorea, maana umeitaja mwenyewe: kilikuwa kizito. Kijapani nacho, baada ya hiragana 46 na katakana 46, kina orodha rasmi ya kanji, herufi zilizotoka Kichina, 2,136. Uzito ungekukuta huko pia, na ungekukuta Kichina. Kila mara ulihama pale raha ya herufi ilipokwisha na kazi ya lugha ilipoanza.

Kakako ana hoja, sikatai. Reli ya Miritini ilifunguliwa 2017 na tangu hapo vijana wengi wanauliza habari za Kichina. Ikiwa unataka kazi hiyo, na unajua ni kazi gani, na yuko anayeajiri, kisome kwa nia hiyo. Lakini kukisoma kwa sababu ndugu yako amesema, huku moyo uko Korea, utakichoka kabla hujaweza kutofautisha kununua na kuuza. Nasema hivyo kwa maana yake hasa: maneno yote mawili kwa Kichina ni "mai". Sauti ikishuka kisha ikapanda kidogo umesema nunua, ikiporomoka umesema uza. Sisi tumezoea kutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho na kwenda zetu. Sikio la toni hulifundishwi na daftari.

Sasa namna ya kusoma. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu miaka 30 ya kufundisha imenionyesha kwamba watu hawashindwi na lugha, hushindwa na namna.

Fanya imla. Ile ile ya shule ya msingi. Tafuta mazungumzo mafupi ya Kikorea yaliyo na sauti na maandishi yake pamoja, dakika moja inatosha. Usitazame maandishi. Sikiliza sentensi, simamisha, andika unachosikia kwa herufi zao, kisha linganisha. Wiki nzima dakika ile ile moja. Utakuta kwamba ulivyoandika sivyo kitabu kilivyoandika, na hapo ndipo utakapojifunza. Chukua neno la shukrani unalolijua, "gamsahamnida". Kwa maandishi yao, pale unaposikia m ya "ham" pana herufi ya p. Ikikutana na n inayofuata hugeuka m kinywani. Aliyejifunza kwa jicho tu husoma p, na Mkorea hulazimika kukisia. Kusikia na kuandika kutakufundisha mamia ya mambo kama hayo bila kukariri kanuni. Na ule mkono wako mzuri uliokuwa ukichora utapata kazi ya maana.

Usiandike Kikorea kwa herufi zetu pembeni. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanajirahisishia, lakini jicho hukimbilia linakokujua.

Kuna hazina nyingine unayo na huijui. Mwambie nyanya yako atamke paa la nyumba, kisha paa wa mwituni. Sikiliza vizuri. Kwa Kimvita chake paa wa mwituni anatoka na pumzi, paa la nyumba halina pumzi hiyo. Kaa la moto na kaa wa baharini vivyo hivyo. Maandishi yetu ya Kiswahili yanaificha tofauti hiyo, lakini sikio la Mombasa linayo. Kikorea kinatenganisha k yenye pumzi na k isiyo na pumzi nyingi, na kila moja ina herufi yake. (Wana na ya tatu, iliyokazwa, hiyo itakubidi uitafute.) Mtu wa mataifa mengine huhangaika miezi kusikia jambo ambalo wewe umelinyonya na maziwa.

Hata sarufi yao isikutishe. Sisi husema "nitakununulia" tukawa tumemaliza sentensi kwa neno moja. Wao hupanga vipande nyuma ya kitenzi: "meogeosseoyo" ina shina la kula, alama ya wakati uliopita kama "li" yetu, na mwishoni alama ya adabu. Hakuna "ni" wala "a" ya kusema nani aliyekula. Utajua kwa mazungumzo. Mtoto aliyelelewa kujua jinsi ya kusema na mkubwa na jinsi ya kusema na mwenzake hataona ajabu kwamba adabu imetiwa ndani ya kitenzi.

Maneno 50 kwa siku ya programu yako yaache. Chukua sentensi kumi za dukani, na uzijue kama unavyojua jina lako: karibu, hii ni pamba, bei yake ni hii, rangi nyingine zipo, leso huuzwa jozi. "Igeo eolmayeyo?" ni "hii bei gani?" na hilo ndilo swali utakaloulizwa. Mimi nilisoma Kiarabu tangu utotoni, lakini kukisema nilianza nikiwa na umri wa miaka 34, kwa muuza kahawa chungu mmoja mwenye asili ya Hadhramaut. Siku ya kwanza hata neno la "nini" lilinikwamisha: mimi nilikuwa na "madha" ya vitabuni, yeye alisema "esh". Nilikwenda kila jioni na sentensi zile zile tano. Mwezi wa pili zilikuwa kumi na mbili. Hakuwa mwalimu, alikuwa anauza kahawa, na sijapata mwalimu wa Kiarabu aliyenifaa kumshinda.

Kwa hiyo swali lako la mwisho: ndiyo, mtu hujifunza bila darasa. Bila watu, hapana. Tafuta Mkorea anayetaka Kiswahili au Kiingereza mbadilishane kwa simu, nusu saa yako, nusu saa yake. Wapo wengi wanaotafuta hivyo. Awe mwanamke mwenzako, usimpe anwani ya nyumbani, na akianza habari za pesa au za ndoa kata hapo hapo. Ukimpata, ile programu ya shilingi 600 huihitaji tena, na mamako atakuwa na neno moja pungufu la kusema.

Kuhusu tajiri wako na mamake, nina jambo. Umekaa ukiwasikia Kigujarati siku kutwa. Nikikuuliza, bila shaka unajua wanapoulizana bei, wanapokubaliana kumpunguzia mteja, na wanaposema huyu hanunui. Hukufungua daftari hata siku moja. Sikio lako lilifanya kazi hiyo wewe ukiwa unakunja leso, ambayo jina lake lenyewe tulilichukua kwa Wareno, "lenço". Wala usikimbilie herufi za Kigujarati, nakujua! Kesho asubuhi mwambie mama yule "kem cho", yaani hujambo, umsikilize atakachojibu, na uiache iende yenyewe.

Na sasa nyanya.

Umeandika kwamba masikini hajui kusoma. Sentensi hiyo nimeirudia mara tatu. Mtu anayeandika kwa mkono wake majina ya wanachama, michango yao na zamu ya kila mmoja anajua kusoma na kuandika, mwanangu. Anaandika Kiswahili. Herufi zake ndizo zilizokiandika Kiswahili cha mji huu kabla hizi zetu za kizungu hazijaletwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa aliyaandika kwa herufi hizo katika karne ya 19. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, alikiandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Na leso kuukuu unazoweza kuzikuta masandukuni mwa wazee zina jina lililochapwa kwa Kiarabu, ukilisoma ni methali ya Kiswahili.

Wewe umekwenda mpaka Korea kutafuta herufi, na ndani ya nyumba yenu pana maandishi ambayo kwayo uko kama mkulima wa Sejong: lugha unayo yote. Hata herufi unazo tangu chuoni. Kinachobaki ni vijimambo. Kiarabu kina alama tatu za irabu na sisi tuna irabu tano, kwa hiyo i na e huandikwa sawa, u na o sawa, mpaka usome sentensi ujue. Waandishi wa zamani wengi hawakuwa na herufi ya p, wakaandika be, yaani b. Na m au n iliyo mbele ya konsonanti waliiacha, kwa hiyo "pembe" utaikuta kama "bebe" na lazima uifahamu. Kila mwandishi ana mazoea yake, na ya nyanya yako anayejua ni yeye tu.

Usiku mmoja wa wiki hii, badala ya simu, kaa naye na daftari la chama. Anza na ukurasa wa majina. Kina mama wote hao unawajua, na jina ukilikosea utalisikia mwenyewe kabla hajakusahihisha. Kisha sogea kwenye michango. Mwezi ukiisha, mwombe akuachie ukurasa mmoja uandike wewe, na yeye ndiye asahihishe.